Kipaza: Miaka Thelathini na Saba, Vidato Mia Moja Sitini na Tatu

Tarehe 31 Agosti 2024, saa kumi na nusu jioni, mwongoza wageni wa mnara wetu atakabidhi filimbi, tochi na fagio, kisha atashuka kilima akiwa mstaafu. Aliajiriwa tarehe 2 Machi 1987. Atakuwa ametumikia mnara miaka thelathini na saba na miezi sita kasoro siku mbili.

Wafanyakazi, wageni na nusu ya mji wanamwita Kipaza. Akiwa juu kabisa kwenye roshani anamchekesha mgeni, mama wa tiketi huku chini anasikia na kucheka naye, na mimi ofisini nalazimika kuanza upya kujumlisha.

Meneja ameniomba mimi, karani wa kumbukumbu, niandike wasifu huu kwa jarida la wafanyakazi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye tarehe. Ni kweli. Naandika shajara kila siku tangu nimalize shule ya sekondari. Nilipoipitia kwa ajili ya kazi hii, niligundua kwamba Kipaza ametajwa humo mara nyingi kuliko mke wangu, na karibu kila alipotajwa, ametajwa kwa kijicho. Nimeona ni heri niseme mapema. Nimemwonea wivu mtu huyu miaka thelathini na saba na miezi sita kasoro siku mbili, na sioni dalili kwamba nitaacha tarehe 1 Septemba.

Kwa wasomaji wapya wa jarida, mnara wetu si wa kutazamia mandhari tu. Tarehe 14 Agosti 1949 handaki la reli lililokuwa likichimbwa chini ya kilima hiki liliporomoka na kuua watu mia moja sitini na tatu. Chama cha wafanyakazi wa reli kilitaka kusimamisha sanamu. Badala yake ukajengwa mnara wenye ngazi ya mawe ya vidato mia moja sitini na tatu, kila marehemu na kidato chake, kwa mpangilio wa jinsi walivyotolewa handakini. Namba imechongwa kwenye uso wa mbele wa kila kidato, upande wa kushoto karibu na ukuta, na majina yameandikwa kwenye bamba la shaba ukumbini. Namba moja hakuwa hata mchimbaji. Alikuwa mpika chai, na ndiyo kwanza alikuwa ameingia mlangoni na birika. Mnara ulifunguliwa tarehe 14 Agosti 1957.

Hayo yote yamo katika kijitabu changu cha kurasa arobaini na nane, kinachopatikana dirishani kwa mama wa tiketi. Kipaza huwaambia wageni kwamba sanamu ilikataliwa na mjane mmoja aliyesimama mkutanini akasema mume wake hakuwahi kusimama bila kazi, kwa hiyo hata akifa apewe kazi ya kuinua watu. Nimesoma muhtasari wa mkutano ule mara tisa. Umeandikwa: “Ilikubaliwa kila kidato kipewe namba.” Mjane hayumo. Lakini wageni wakifika sehemu hiyo ya maelezo huvua kofia, na kijitabu changu hukikalia wanapofunga kamba za viatu.

Kipaza alianza kama mfagiaji. Mimi nilikuwa nimeajiriwa miezi tisa kabla yake, na mimi ndiye niliyempokea na kumwonyesha stoo ya mafagio. Siku hiyohiyo aliniona napiga mistari ya daftari, akaniita Rula. Kufikia chai ya saa nne, jina langu la nyumbani lilikuwa limekufa.

Mwaka 1991 nafasi ya mwongoza wageni ilitangazwa nami nikaomba. Nilikuwa na sifa zote. Usaili ulikuwa wa vitendo: mwombaji awapandishe mnarani wajumbe watatu wa bodi huku akieleza. Niliwapandisha. Niliwapa kimo cha mnara, unene wa kuta, uzito wa mawe na mwaka ambao radi iliiangusha kengele ya juu. Kwenye kidato cha sabini mjumbe mmoja aliomba kupumzika. Kipaza alikuwa hapo anafagia. Mjumbe yule akamuuliza, kwa kupitisha muda tu, kama anajua namba sabini alikuwa nani.

“Huyu?” Kipaza akasema, akiinua fagio kwa adabu. “Huyu alikuwa seremala, mzee wangu. Alikuwa na watoto mapacha, wanakuja kila mwaka. Wamenenepa siku hizi, wakisimama wote wawili hapa hatupiti.”

Wajumbe wakacheka. Walipanda vidato vilivyobaki wakiwa na yeye. Mimi nilikuja nyuma nimebeba fagio.

Shajara yangu ya jioni ile ina mstari mmoja: “Kazi amepewa mfagiaji. Ameombwa aendelee na kufagia pia, amekubali.” Ukurasa wenyewe umetoboka mahali kalamu ilipokandamiza.

Na kweli aliendelea kufagia. Kila asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, Kipaza hupanda mpaka juu na kufagia kushuka, kidato kwa kidato, huku akitaja majina. Ndivyo alivyoyahifadhi yote mia moja sitini na tatu. Kila tarehe 14 Agosti, jamaa za marehemu wanapokuja kusimama kila mmoja kwenye kidato cha mtu wake, ngazi inajaa watu kutoka chini hadi juu, naye huita orodha nzima bila karatasi. Kila jina likiitwa, jamaa huitikia, “Yupo.” Zoezi hilo huchukua dakika kumi na moja. Nimelipima. Mimi mwenyewe nayajua majina kwa karatasi tu. Bila karatasi huishia namba ishirini na sita.

Wivu una mambo yake madogomadogo ambayo mtu mzima huona haya kuyataja. Barua za wageni huandikwa “Kwa Kipaza, Mnarani” na kufika bila anuani nyingine, wakati barua zangu za ofisi hupotea zikiwa na sanduku la posta na namba ya simu. Mwanangu wa kwanza, darasa lao lilipoletwa mnarani, alikuja dirishani kwangu akaniuliza mbele za wenzake kama Kipaza yupo zamu. Nilimwambia baba yake yupo. Akasema, “Najua, baba, lakini Kipaza je?” Mke wangu, ambaye kwa ndoa ya miaka thelathini hajawahi kuucheka mzaha wangu hata mmoja, alicheka mpaka akajishika mbavu siku Kipaza alipomsimulia jinsi ninavyochonga penseli. Nilikuwepo. Hakukuwa na cha kuchekesha. Ninachonga penseli kwa utaratibu.

Lakini lililonisugua roho kuliko yote ni mama mmoja, binti wa namba moja, yule mpika chai. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa na umri wa miezi mitatu. Mwaka huu ametimiza miaka sabini na mitano. Hajakosa tarehe 14 Agosti hata moja tangu mnara ufunguliwe. Mimi ndiye niliyemtafutia jina la baba yake katika orodha ya mishahara ya reli, kwa kuwa mpika chai hakuwa ameandikwa pamoja na wachimbaji, na bamba lilimtaja kwa kazi yake tu. Nilihangaika miezi minne. Kipaza alimshika mkono tu akampandisha kidato kimoja. Tangu siku hiyo yeye anaitwa “mwanangu”. Mimi naitwa “karani”.

Sasa nieleze malalamiko matatu niliyoyapeleka kwa meneja dhidi ya Kipaza kwa nyakati tofauti. Yamo kwenye faili lake, na wasifu usioyataja ungekuwa pungufu.

La kwanza lilihusu hesabu. Wageni wetu wana mchezo wa kuhesabu vidato wakati wa kupanda. Wakishuka, huandika hesabu yao katika daftari langu la wageni, safu ya tano. Mwenye kupata jibu sahihi anaruhusiwa kukigonga kile kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni badala ya kengele. Mimi ndiye mwamuzi. Kwa miaka mingi walikuwepo waliopata na waliokosa, kama kawaida ya mchezo. Kuanzia mwezi Agosti 2005 karibu kila mtu akawa anaandika mia moja sitini na mbili. Niliona wazi kwamba Kipaza anawachanganya kwa maneno. Nikawa nasahihisha kwa kalamu nyekundu, mgeni mmoja mmoja: mia moja sitini na tatu. Walioandika mia moja sitini na mbili niliwanyima kugonga reli. Kipaza akawa anawapitisha pembeni na kuwaambia wagonge tu. Niliandika barua: “Mwongoza wageni anawatuza walioshindwa.”

La pili lilihusu chungu cha maua. Mwaka huohuo alikiweka chini kabisa ya ngazi, upande wa kushoto, kikaziba namba. Kila nikiagiza kisogezwe, kesho yake nakiona palepale. Niliandika barua.

La tatu lilihusu chaki. Kila asubuhi ya tarehe 14 Agosti alichora mstatili mkubwa kwenye sakafu ya ukumbi, mbele ya ngazi, na katikati yake akaandika namba moja. Yule mama alisimama ndani ya mstatili, akaitikia “Yupo,” na jioni Kipaza alipiga deki sakafu yote. Nilimuuliza kwa nini mama wa watu asisimamishwe kwenye kidato kama wenzake. Akanijibu kwamba magoti yanamsumbua, anapenda kubaki chini. Niliandika barua ya kurasa mbili kuhusu uchafuzi wa sakafu.

Meneja wakati huo alizisoma barua zote, akazigonga muhuri, akanirudishia nizihifadhi. Nimezihifadhi.

Tarehe 3 Julai mwaka huu tulikaa kwa ajili ya makabidhiano. Utaratibu wa mnara ni kwamba anayestaafu huandika orodha ya vitu alivyonavyo, na karani huvihakiki kimoja kimoja kabla ya kusaini. Kipaza alileta orodha yake kwa mwandiko wa kupinda: filimbi moja, tochi moja, fagio moja, funguo nne, chungu cha maua kimoja, vidato mia moja sitini na mbili.

“Hapa umekosea,” nikamwambia. “Andika sitini na tatu.”

“Rula, mimi ndiye ninayevifagia.”

“Na mimi ndiye ninayevitunza kwenye kitabu.”

“Basi twende ukanionyeshe kwenye ngazi. Ukikipata cha ziada, nitakubeba mgongoni mpaka nyumbani kwa shemeji.”

Sikuwa nimepanda mnara tangu mwaka 2004. Magoti ni yangu, na kazi yangu iko mezani. Tena kitu ambacho umeshakiandika kitabuni huna haja ya kukihesabu kila siku. Tulipanda polepole. Mara mbili aliniambia nikae nipumzike, na mara mbili nilikataa, nikakaa. Juu kabisa tukageuka tukaanza kushuka, mimi nikikigeukia kila kidato nilichokiacha na kusoma namba yake kwa sauti na kuweka alama kwenye karatasi. Yeye alikuja nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa kimya.

Kumi. Tisa. Nane. Kwenye tatu nilikiona kile chungu cha maua. Akanipita, akashuka, akakisogeza mwenyewe kwa mguu. Nikashuka hadi mguu wangu ukakanyaga sakafu ya ukumbi. Nikageuka. Mahali chungu kilipokuwa, kwenye uso wa kidato cha mwisho, palikuwa na namba mbili.

“Moja iko wapi?” nikauliza.

“Umesimama juu yake, ndugu yangu.”

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, maana mambo mawili niliyokuwa nimeyaandika katika vitabu viwili tofauti yalikutana kichwani kwa mara ya kwanza.

Mvua za Aprili 2005 ziliingiza maji ukumbini. Alama ya maji ukutani ilikuwa sentimeta kumi na tano. Mimi ndiye niliyetoa kipimo cha kuinulia sakafu mpya: kumi na tano za maji na tatu za usalama, jumla kumi na nane. Fundi mwashi alimwaga zege mwezi Julai, mnara ukiwa umefungwa na Kipaza akiwa likizo. Shajara yangu ya tarehe 12 Julai 2005 inasema: “Fundi anauliza maswali mengi kuhusu ngazi. Nimemwambia afuate kipimo.” Na kijitabu changu, ukurasa wa kumi na mbili, kinasema kila kidato cha mnara kina kimo cha sentimeta kumi na nane.

Nilikizika kidato cha mpika chai kwa usahihi kabisa, bila kupungua wala kuzidi, kisha nikakaa miaka kumi na tisa nikiwasahihisha wageni waliohesabu vizuri.

“Kumi na nane,” nikasema.

“Kumi na nane,” Kipaza akaitikia. Alikuwa amekaa kwenye namba mbili, fagio magotini. “Nilirudi likizo, nikafagia kushuka kama kawaida. Nikafika hapa nikasema mpika chai, jina likatoka, fagio likakosa mahali pa kwenda.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Mwaka ule si walikuwa wanatafuta watu watatu wa kupunguza? Ungemwaga unga, Rula. Na shemeji alikuwa ndiyo kwanza amejifungua.”

“Na miaka iliyofuata?”

Akakuna kichwa. “Miaka iliyofuata ningekuambia, ungeniandikia barua.”

Nikamwangalia. Akaanza kucheka kidogokidogo. “Halafu na hiyo kalamu nyekundu, kusema kweli, ndugu yangu, ilikuwa inanifurahisha. Kuna mwalimu wa hesabu alipanda mara nne. Mara nne ukamsahihisha! Akaondoka anasema atarudi kusoma upya.”

“Sisi wote tunajua,” mama wa tiketi akapaza sauti kutoka dirishani kwake. “Kipaza alituapisha. Mimi nimeapa mara mbili, maana ya kwanza nilicheka katikati.”

Nakiri kwamba hata katika dakika ile, nikiwa nimesimama juu ya kosa langu, nilichokihisi kwanza ni wivu. Miaka kumi na tisa watu wote wa jengo hili walikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa ni ya kuninusuru mimi, na bado sifa zilikuwa zake.

“Na yule mama?” nikauliza.

Hapo ndipo kicheko kilipomwisha. “Nilimwambia ukweli mwaka uleule. Nilimwambia baba yake yupo, ila amefunikwa kidogo. Akaniuliza nani kafanya. Nikamwambia ni mtu anayependa sana mambo yanyooke, akikigundua kosa mwenyewe atalirekebisha, tumpe muda. Akasema sawa, mwanangu, mimi nina muda. Lakini sasa ana sabini na mitano, Rula. Mwaka jana alinishika begani akaniuliza, ukistaafu nani atanichorea? Ndiyo maana nimeandika sitini na mbili kwenye orodha. Nilijua utanibishia. Nataka nikukabidhi chaki.”

Akaitoa mfukoni. Ilikuwa kipande kifupi kama jino.

“Sitachora,” nikamwambia.

Nadhani alinielewa vibaya, maana alirudisha chaki mfukoni taratibu na hakuniaga vizuri jioni ile.

Kesho yake asubuhi, tarehe 4 Julai, nilimwandikia meneja barua ya nne kuhusu jambo hili, safari hii dhidi ya karani wa kumbukumbu. Niliambatanisha kurasa za shajara na ukurasa wa kumi na mbili. Meneja aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akasema, “Rula? Wewe?” Nikamjibu kwamba ndiyo, mimi, na kwamba tarehe zote zimo. Nilipewa barua ya onyo. Kwa kuwa mafaili ni kazi yangu, niliipokea, nikaisaini, nikaitoboa matundu mawili na kuiweka katika faili langu mwenyewe. Ombi langu la pili, la kuvunja sakafu mbele ya ngazi, lilikubaliwa kwa sharti kwamba kazi imalizike kabla ya tarehe 14 Agosti.

Zilibaki wiki tano na siku sita. Nilimtafuta fundi yuleyule. Ana mvi sasa na anatembelea fimbo, lakini patasi yake bado inasikia mkono. Aliponiona mlangoni alicheka mpaka akakohoa.

“Haya, karani, leo tufuate kipimo gani?”

“Chimba mpaka kionekane,” nikamwambia.

“Mwaka ule nilikuuliza.”

“Najua. Nimeandika.”

Zege lilikuwa gumu kuliko tulivyotarajia. Wiki ya kwanza patasi zilivunjika mbili. Wiki ya tatu maji ya bomba la zamani yalijaa shimoni na kazi ikasimama siku nne. Nilianza kuamka saa kumi na moja alfajiri nikihesabu siku zilizobaki, na mke wangu akaniambia kama nikiendelea kumtaja mpika chai usingizini, ataanza naye kumwonea wivu. Kipaza alikuja kila jioni baada ya zamu kubeba vifusi. Hakuwa ameombwa. Nilimwambia si kazi yake, akasema bado yeye ni mfagiaji, barua ya kumwondoa kwenye ufagiaji hajawahi kupewa. Niliangalia faili. Ni kweli, hajapewa.

Tarehe 9 Agosti, saa tisa na robo alasiri, patasi ya fundi ilifungua pembe ya jiwe. Tuliliosha kwa brashi. Namba moja ilikuwa safi, kali, kama imechongwa jana, kwa sababu tofauti na vidato vyote vya mnara huu, haikuguswa na mtu kwa miaka kumi na tisa. Kipaza alichukua fagio, akakifagia, na akataja jina. Mimi nilikuwa naandika saa, ndiyo maana najua kwamba sauti yake, inayosikika toka roshani hadi dirishani, safari hii haikufika hata kwa mama wa tiketi.

Sasa mbele ya ngazi pana shimo la mraba lenye mfereji wa maji na kijidaraja cha mbao, na wageni wanaingia kwa kushuka sentimeta kumi na nane kisha kupanda. Mjumbe mmoja wa bodi amesema halipendezi. Nimemjibu kwa maandishi.

Tarehe 14 Agosti ngazi ilijaa kama kila mwaka. Yule mama alifika saa tatu, akaelekea sakafuni mahali pa mstatili kama alivyozoea, akatazama chini akitafuta chaki. Kipaza alisimama pembeni akaniangalia mimi. Ilibidi niseme mimi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya ukurasa mmoja. Nilichoweza kutoa ni haya: “Mama, ni mimi niliyemfunika. Nisamehe. Tumemfungua.”

“Karani,” akasema, “umechelewa.” Kisha akanyoosha mkono ili asaidiwe kupanda, na mkono alioushika ni wa Kipaza.

Nilidhani siku hiyo ningepona. Sikupona. Nilisimama na daftari langu kifuani nikitazama jinsi alivyomwegemea, na roho iliniuma kama mwaka 1991.

Alipanda kidato kimoja akasimama. Kipaza akavuta pumzi akaanza kuita, namba moja kwanza, na mama akaitikia, “Yupo,” kwa sauti iliyopanda ngazi yote. Zikafuata dakika kumi na moja. Orodha ilipoisha na watu kuanza kushuka, mama akasema, “Karani, lete daftari.”

Hajawahi kuandika katika daftari la wageni. Kila mwaka nilikuwa namwandikia mimi jina, na katika safu ya tano, ya hesabu, naandika “hakupanda”. Safari hii alichukua kalamu mwenyewe. Jina lake alilipita. Akaenda moja kwa moja kwenye safu ya tano, akaandika: 1.

Akaniuliza kama ni sahihi. Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Nikamwambia ni sahihi kabisa. Akaenda mlangoni akagonga kipande cha reli mara moja.

Hayo ndiyo maelezo ya utumishi wa Kipaza kadiri kumbukumbu zinavyoonyesha. Malalamiko yote matatu nimeyafuta kwa barua nyingine tatu, na sasa faili lake ni safi, nene kuliko la mtu yeyote. Aidha nimeanza kurudi katika madaftari ya wageni tangu Agosti 2005, nikifuta masahihisho yangu na kuandika pembeni, “Mgeni alikuwa sahihi kwa siku hiyo.” Nimefika mwaka 2009. Yule mwalimu wa hesabu nimeshamwandikia barua, naye amekubali kuja kugonga reli mara nne anazodai.

Mwakani majina yatasomwa na mimi, kwa karatasi, na nawaomba radhi mapema wote watakaosimama kuanzia namba ishirini na saba kwenda juu.

Kipaza, kwa niaba ya meneja, mama wa tiketi, fundi na wafanyakazi wote, asante kwa kufagia, kwa kupaza sauti, na kwa yale uliyoyanyamazia. Tunakutakia wewe na shemeji magoti imara, usingizi mzuri, na asubuhi nyingi zisizokuwa na ngazi. Ile chaki nimeiomba, ukaniambia niiongeze kwenye orodha. Nimeihakiki: chaki moja, fupi. Vidato mia moja sitini na tatu. Nimesaini.